Nimeitwa kuongoza ripoti ya uendelevu, lakini nambari yangu ya majitaka iliachwa nje

Mpendwa Mshauri,

Huwa nasoma barua za wengine katika safu hii na kujiambia kwamba mimi sina la kuandika. Leo ninalo.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, ofisa wa mazingira katika kiwanda cha kemikali. Nilisomea sayansi ya mazingira na kazi yangu hasa ni kupima: majitaka yanayotoka kwenye mtambo wa kusafishia, moshi wa boila, umeme na dizeli tunayotumia, taka zinazobebwa na wakandarasi. Mwisho wa mwaka najaza majedwali na kuyatuma makao makuu. Huko mshauri elekezi wa kukodiwa huyageuza kuwa ripoti ya uendelevu yenye picha za kuvutia.

Sasa kampuni haitaki tena mtu wa kukodi. Benki zinazotukopesha zimeomba ripoti inayofuata viwango vya ISSB, bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu, na mkuu wa idara ya fedha ameniita akaniambia nihamie kwake niongoze kazi hiyo. Mshahara unapanda kidogo. Nyumbani wamefurahi. Mimi ndiye ninayekosa usingizi.

Kwanza, nimezama kwenye vifupisho. GRI, SASB, TCFD, ISSB, ESRS, CDP, kila kimoja na kurasa zake mamia, na kila nikisoma kimoja naona nilipaswa kuanza na kingine. Mume wangu anasema tutoe akiba yetu nisomee cheti kinachotambulika kabla sijakubali chochote. Akiba hiyo ilikuwa ya ada ya mtoto. Rafiki yangu aliye kwenye kampuni ya ushauri ananiambia niachane na kiwanda, niende kwao, huko nitajifunza haraka. Na mhasibu mmoja wa makao makuu aliniambia huku anacheka kwamba kazi hii imeshakuwa ya wahasibu, mimi nitabaki kuwaletea majedwali.

Pili, nasoma kwamba Ulaya yenyewe, iliyokuwa mbele ya wote, imeanza kurudi nyuma kwenye wajibu wa kampuni kutoa ripoti hizi. Nisije nikaingia kwenye fani inayofungwa.

Tatu, na hili sijamwambia mtu. Mwaka jana, katika miezi miwili, majitaka yetu yalivuka kiwango kilichowekwa kwenye kibali. Mamlaka ya mazingira tuliiarifu, na tatizo lilirekebishwa. Niliandika yote kwenye jedwali langu. Ripoti ilipotoka ilikuwa na ukurasa mzima wa miti tuliyopanda, nambari yangu haimo. Nilipouliza, mkuu wa fedha alinijibu kwa upole kabisa: “Hayo wawekezaji hawayasomi.” Huyo ndiye atakayekuwa bosi wangu.

Je, nikubali? Niende kwa rafiki yangu? Au nibaki na vipimo vyangu niachane na habari za ripoti?

Mpima Maji

*

Mpendwa Mpima Maji,

Barua yako ina maswali matatu, lakini la tatu, ulilosema hujamwambia mtu, ndilo lililobeba mawili ya mwanzo. Umepewa nafasi nzuri na mtu ambaye bado hujajua kama unaweza kumwamini, katika fani ambayo bado hujaona mipaka yake. Hofu ya vifupisho, ya cheti na ya Ulaya ni ya kweli, ila nadhani ingekuwa nyepesi kama ungejua la kufanya na ile nambari. Kwa hiyo niruhusu nianze na vifupisho, maana jibu la nambari yako limejificha humo humo.

Unavisoma kana kwamba vinashindana kueleza jambo lilelile. Jaribu kuvisoma kwa swali moja tu: kiwango hiki kinamjibu nani?

GRI ilianzishwa Boston mwaka 1997, katika hasira iliyobaki baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989. Watu walitaka kampuni zieleze zinaifanyia nini dunia. Hadi leo GRI inamjibu kila anayeguswa na kampuni: mfanyakazi, jirani anayeishi chini ya mto, mteja, serikali, na mwekezaji pia. SASB ilikuja mwaka 2011 ikimwangalia mwekezaji tu, ikagawa uchumi katika sekta 77 na kuipa kila sekta orodha fupi ya mambo yanayoweza kugusa mfuko wake. TCFD ilihusu tabianchi na hatari zake kwa fedha. Mapendekezo yake yalitoka mwaka 2017, na mwaka 2023 jopo lenyewe lilivunjwa kwa sababu kazi yake ilikuwa imeshahamia kwingine. Huko kwingine ndiko ISSB, bodi iliyotangazwa Glasgow mwezi Novemba 2021 chini ya taasisi ileile inayotunga viwango vya uhasibu vya IFRS. SASB nayo imeingia humo. Viwango vyake viwili vya kwanza, IFRS S1 na IFRS S2, vilitolewa Juni 2023: cha kwanza kinahusu uendelevu kwa jumla, cha pili tabianchi. Vyote vinamjibu aliyetoa mtaji au mkopo, yaani zile benki zenu. ESRS ni za Umoja wa Ulaya, na zinataka kampuni ijibu pande zote mbili kwa pamoja: dunia inavyoigusa kampuni kifedha, na kampuni inavyoigusa dunia. CDP si kiwango hata kidogo, ni dodoso ambalo kampuni hujaza kila mwaka.

Unaona orodha ilivyopungua? TCFD imo ndani ya S2, SASB imo mikononi mwa ISSB, ESRS hamjaombwa, CDP ni fomu. Kwa mahitaji yako ya sasa vimebaki viwili vya kusoma kwa makini, ISSB na GRI. Chini ya vyote kuna Itifaki ya Gesi Joto, ambayo toleo lake la 2004 ndilo linalotumika kuhesabu hewa chafu karibu kila mahali: kundi la kwanza ni hewa inayotoka kwenye vyanzo vyenu wenyewe, kama mnachochoma, la pili ni nishati mnayonunua, hasa umeme, la tatu ni mnyororo mzima wa kabla na baada yako, wenye vipengele 15. Boila na dizeli unavipima tayari, na bili za umeme unazo. Hiyo ni sehemu kubwa ya makundi mawili kati ya matatu, na umekuwa ukiifanya kwa miaka bila kuiita kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye majitaka.

Naona wewe na mkuu wa fedha, kila mmoja kwa upande wake, mmekubaliana juu ya jambo ambalo huenda si kweli: kwamba ripoti ya mwekezaji haina nafasi ya nambari kama ile. Yeye akaitoa kwa sababu hiyo, na wewe umeumia kwa sababu hiyo hiyo. Lakini IFRS S1 inaitaka kampuni irejelee viwango vya SASB vya sekta yake na kuvitafakari inapochagua cha kuripoti. Fungua kile cha sekta ya kemikali, sehemu ya maji. Utakuta kipimo kinachouliza idadi ya matukio ya kukiuka vibali na kanuni za ubora wa maji. Mambo ya aina ya miezi yako miwili yamo kwenye kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya mwekezaji, ila soma maelezo yake uone ni matukio yapi hasa yanayohesabiwa.

Hilo halimaanishi kwamba lazima iwe imefichwa kwa hila. Chini ya ISSB jambo huwekwa wazi likiwa na uzito, na uzito unapimwa kwa swali hili: je, kuliacha kungeweza kubadilisha uamuzi wa mwekezaji au mkopeshaji? Tukio dogo lililorekebishwa, bila faini wala tishio la kufutiwa kibali, linaweza kweli kukosa uzito huo. Mtu mwaminifu anaweza kufika hapo. Tofauti iko kwenye njia aliyopita: je, alilipima akaona halitoshi, au alibahatisha tu kwamba wawekezaji hawasomi? Barua yako haisemi, na sidhani wewe mwenyewe unajua. Ndiyo maana sitaki kukubaliana nawe upesi, wala kukupinga, kuhusu tabia ya mtu huyu.

Kuna kitu kingine cha kutazama kwenye ripoti ile ya mwaka jana. Tafuta kurasa za mwisho, kwenye faharasa, sentensi inayosema imeandaliwa kwa kufuata nini. Kama imesema “kwa mujibu wa viwango vya GRI”, basi kampuni ilijifunga. Ikiwa maji yalikuwa kwenye orodha ya mada zake zenye uzito, GRI 303, kiwango chake cha maji, inadai waziwazi idadi ya mara ambazo mipaka ya utiririshaji wa vitu vyenye kuleta wasiwasi ilivukwa. Kuacha kunaruhusiwa kwa sababu nne tu, na mojawapo lazima itajwe: halihusiki, sheria inakataza, ni siri, au taarifa hazipatikani. “Wawekezaji hawasomi” haimo kati ya hizo nne. Lakini kama imesema “kwa kurejelea GRI”, hapo kampuni iliruhusiwa kuchagua vipande inavyotaka, na kilichotokea ni uchaguzi mbaya, si uvunjaji wa kanuni. Ripoti nyingi ziko kundi hilo la pili. Wasomaji wengi hawaijui tofauti, na wapo waandaaji wanaofurahia hali hiyo.

Angalia hilo kwanza, peke yako, kabla ya kumwendea mtu.

Kuhusu Ulaya, ulichosoma ni kweli. Februari 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kuondoa takriban asilimia 80 ya kampuni kwenye wajibu wa kuripoti, na miezi michache baadaye tarehe zikasogezwa mbele kwa nyingi zilizokuwa zinasubiri zamu. Marekani nayo, tume ya masoko ya mitaji ilipitisha kanuni ya tabianchi Machi 2024, na mwaka mmoja baadaye ikaacha kuitetea mahakamani. Nisingekudanganya kwamba upepo haujageuka. Ila wewe hukuitwa kwa sababu ya Ulaya. Umeitwa kwa sababu benki zenu zimeuliza, na zinauliza kwa lugha ya ISSB. Huko mwendo ni wa upande mwingine: zaidi ya nchi na mamlaka 30 zimeshavichukua viwango hivyo au ziko njiani kuvichukua. Uturuki ilianza na ripoti za mwaka 2024, Australia na kampuni kubwa kuanzia Januari 2025, Brazili mwaka 2026. Mkopeshaji anayetaka kujua kama mkopo wake utalipwa hangoji bunge la mtu. Je, kazi hizi zitakuwepo baada ya miaka kumi kwa jina hili hili? Labda jina litabadilika. Kupima na kueleza ulichopima kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kukikagua ni ufundi usiotegemea jina la kiwango.

Na yule mhasibu anayecheka, mwache acheke, lakini msikilize. Ana nusu ya ukweli. ISSB imekaa kwenye nyumba ya wahasibu, ripoti yake hutoka pamoja na hesabu za mwaka, na wakaguzi wanakuja: kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha taarifa za uendelevu, ISSA 5000, kilitolewa Novemba 2024. Atakayekaa kwenye kiti hicho atahitaji mambo ambayo shule yako haikukufundisha: udhibiti wa ndani, njia ya ushahidi kutoka jedwali hadi risiti, jinsi hatari inavyoingia kwenye mizania. Nusu anayoikosa ni kwamba mhasibu anaweza kujumlisha vipimo vya majitaka bila kugundua kuwa sampuli ya Machi ilichukuliwa mahali pasipofaa. Wewe utagundua. Mkaguzi akiuliza “nambari hii ilizaliwaje?”, nani atajibu? Ukijifunza upande wake kwa mwaka mmoja utakuwa umepata kitu ambacho yeye hawezi kukipata kwa mwaka mmoja.

Basi njia zako tatu.

Kwenda idara ya fedha kunakusogeza mahali ripoti inapoamuliwa. Utajifunza nidhamu ya ukaguzi, na utakuwepo chumbani wakati mtu anasema jambo fulani halina uzito. Hatari yake ni kubwa pia, usiidharau. Jina lako litahusishwa na kinachoachwa nje. Kama hakuna utaratibu, kila mwaka utakuwa unabishana na bosi wako mwenyewe, naye ndiye anayeandika tathmini yako ya kazi. Kuna watu wameingia kwenye nafasi za aina hii na shauku, wakaishia kupamba kurasa. Aidha, ukikaa mbali na mtambo miaka kadhaa, jicho lako la vipimo litapungua makali.

Kwa rafiki yako utaona kampuni nyingi, sekta nyingi, viwango vyote kwa mpigo. Kwa mtu anayetaka kujifunza haraka, hakuna mahali pazuri kama hapo. Lakini mwenye kulipa mshauri elekezi ni kampuni ileile inayoandikiwa, na ripoti ya mwaka jana iliyokuudhi iliandikwa na nani? Usidhani kule swali la nambari iliyoachwa halitakufuata. Litakuja kwa sura ya mteja, na utakuwa unaandika kuhusu mitambo ambayo hujawahi kusimama mbele yake.

Kubaki ulipo si kushindwa. Ripoti zote zinasimama juu ya watu wanaopima vizuri, na wachache wanataka kazi hiyo. Ila kama utabaki kwa sababu umeogopa, kila mwaka ripoti ikitoka utaifungua kutafuta nambari zako, na sijui kama utaipenda kazi yako ukiwa hivyo. Wewe mwenyewe unajua vizuri zaidi.

Cheti nitakisemea kwa ufupi. Vipo vya heshima. FSA, cheti cha misingi ya uhasibu wa uendelevu cha taasisi ya IFRS, ina mitihani miwili na inaelekea upande wa mwekezaji. GRI ina mafunzo yake yanayokupa cheti cha mtaalamu. Vyeti hufungua mlango kwa mtu ambaye hana mlango, na wewe umefunguliwa tayari. Viwango vyenyewe, S1, S2, GRI na Itifaki ya Gesi Joto, vinapakuliwa bure. Mume wako ana nia njema na hofu yake naielewa, ila kabla ya kugusa ada ya mtoto, mwonyeshe kwamba kuna anayepaswa kuulizwa kwanza: kampuni inayokutaka uifanyie kazi hiyo. Mafunzo ni sehemu ya masharti ya nafasi, unaweza kuyaomba bila aibu. Wakikataa kabisa kukusomesha kwa kazi wanayosema ni muhimu, hiyo nayo ni taarifa.

Sasa mazungumzo na mkuu wa fedha. Usiende na lawama ya mwaka jana. Nenda na kiwango cha SASB cha kemikali mkononi, ukurasa wa maji, umwambie: “Benki zikitaka ISSB, tutatakiwa kurejea hapa. Mwaka huu tutaamuaje?” Kisha nyamaza umsikilize. Muulize nani atakayepitisha orodha ya mambo yenye uzito, yeye peke yake au kamati ya bodi. Muulize kama sababu ya kuacha jambo itaandikwa na kuhifadhiwa ili mkaguzi aione. Muulize utafanya nini mkitofautiana, utampelekea nani. Mtu aliyebahatisha mwaka jana kwa kutojua anaweza kushukuru kwa maswali haya, maana yanamkinga yeye zaidi yako: benki ikikopesha kwa kutegemea ripoti, anayeulizwa ni aliyetia saini. Mtu mwenye nia nyingine atakuambia usijali sana na mambo hayo, au ataanza kuzungumzia mshahara.

Omba pia kitu kimoja ambacho wengi husahau: siku chache kila mwezi za kurudi kiwandani, ziandikwe kwenye barua ya uteuzi.

Anakungoja umjibu lini? Hukusema. Kama ni wiki hii, omba muda zaidi. Nafasi ya aina hii haipotei kwa siku kumi za kusoma ripoti ya zamani na kuuliza maswali manne. Ukishazungumza naye niandikie alivyojibu lile la kamati ya bodi, maana hapo ndipo mimi mwenyewe ningesikiliza kwa makini zaidi.

Mshauri wako